Mwenyewe Anahama

Nchi tunayoisimulia ina jina zuri tu, tena refu, lakini kulitaja bila kibali kuna tozo, kwa hiyo tuliache lipumzike. Itoshe kusema ni nchi yenye amani na serikali inayowapenda wananchi wake kiasi cha kutaka kujua wanakula nini, wanalala saa ngapi, na redio yao mbovu wamemuuzia nani.

Katika nchi hiyo, Mtaa wa Mizani, aliishi Anseli Lugendo, karani mstaafu wa ofisi ya ramani. Majirani walimwita Baba Getruda, kwa jina la binti yake wa pekee aliyeolewa mbali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa shida. Mali yake kubwa ilikuwa kitanda: mninga mtupu, sita kwa sita, kichwani kimechongwa ndege wawili ambao fundi aliapa kuwa ni njiwa, ingawa kila aliyewaona aliwasalimu kama bata. Alikinunua mwezi aliomwoa Asteria, wakakilalia miaka thelathini na mmoja.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne Anseli anakilalia peke yake. Tena hakukilalia chote. Alibaki ukingoni kwake, upande wa ukutani, kama vile mwenzake kaamka tu kunywa maji. Mwishoni alikishindwa kabisa, akahamia kwenye kochi, na kila akipita chumbani alikipita kitanda kile kwa adabu, kama mtu anayempita mgonjwa.

Majirani alikuwa amewaambia kwamba Mama Getruda amekwenda kumuuguza shangazi yake huko Magoti. Maneno hayo aliyasema siku ya kwanza kwa haraka, kwa sababu Bi Sikitu muuza vitumbua alimkuta mlangoni na hakuwa ametunga lingine. Tangu hapo shangazi yule hakupona. Kila asubuhi Bi Sikitu alimuuliza, "Baba Getruda, shangazi anaendeleaje?" naye akajibu, "Afadhali ya jana." Kinyozi Ngwembe, kibanda cha pili, naye aliuliza. Kwa miezi kumi na minne shangazi wa watu aliumwa mgongo, akaumwa miguu, akapata presha, akapata nafuu, akazidiwa tena. Anseli hakujua afanye naye nini. Kumponya ingekuwa lazima mke arudi. Kumuua alishindwa, kwa sababu alikuwa anampenda.

Ndiyo maana akaamua kukiuza kitanda, anunue kidogo cha futi tatu na nusu, chenye nafasi ya mtu mmoja na mawazo yake. Kwa kuwa hakutaka mtaa uone kitanda kikitolewa na kuanza kuuliza, alikitangaza mtandaoni, kwenye soko la simu liitwalo Uza Tukione, ambako mtu huweza kuuza hata meno ya bandia bila jirani kujua. Aliandika:

*KITANDA 6x6, MNINGA, NA GODORO LAKE. KIMETUMIKA KIDOGO. MWENYEWE ANAHAMA. BEI MAELEWANO.*

Hapa inabidi mgeni aelezwe. Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuza kitu kwa sababu ya njaa. Hakuna aliyeuza jokofu kwa kuwa limegoma kugandisha, wala kochi kwa kuwa ada ya shule imefika. Wote wanahama. Mwenye televisheni yenye mistari anahama, mwenye pikipiki inayotoa moshi anahama, na mwenye mbuzi mwenye tabia mbaya naye anahama kesho asubuhi. Muuzaji anajua kwamba hahami, mnunuzi anajua, na wote wawili wanaheshimiana. Ni kama kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi: hodi yenyewe haina kazi, lakini asiyebisha ni mshenzi.

Tangazo halijamaliza hata saa moja, ujumbe wa kwanza ukaingia: "Bado kipo?"

Anseli akajibu kipo. Kimya.

Baadaye ukaingia wa pili kutoka kwa mtu mwingine asiye na picha: "Bado kipo?" Akajibu kipo. Kimya tena. Hadi siku ya tatu ilipofika, watu kumi na mmoja walikuwa wameuliza kama kitanda bado kipo, na wote baada ya kuhakikishiwa kwamba kipo, walitoweka wameridhika.

Anseli alidhani hao ni wanunuzi wenye haya. Kumbe walikuwa watumishi wa umma. Serikali ilikuwa imeajiri makarani mia nne, wakakaa kwenye jumba la ghorofa tisa, na kazi yao ilikuwa kuuliza tu, "Bado kipo?" Karani aliyethubutu kuuliza bei ya mwisho alipelekwa mafunzoni.

* * *

Jumba hilo lilikuwa makao ya Wizara ya Mapato na Faragha, wizara mpya, na Waziri wake aliizindua redioni kwa hotuba ambayo ilikatiza taarifa ya habari, kipindi cha kilimo na sala ya jioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kitu kikiuzwa mara ya kwanza, serikali inapata chake. Kikiuzwa mara ya pili, serikali inasimama pembeni inatazama, kama mtoto wa kambo siku ya pilau. Je, huo ni uungwana? Kuanzia leo, kila kilichokwishatumika kitalipiwa kodi kwa kadiri kilivyotumika. Lakini nasikia wapo wanaouliza, je, faragha yetu? Ndugu zangu, faragha yenu tutailinda kwa nguvu zote. Ila hatuwezi kulinda siri tusizozijua! Mwenye siri na aje aiandikishe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

Akaongeza kwamba wahenga nao utaratibu wao unaandaliwa.

Utaratibu wa siri ulikuwa mwepesi. Mwananchi aliyeandikisha siri yake alipewa Cheti cha Faragha, chenye muhuri, na aliamriwa kukibandika mlangoni kwa nje, herufi zisomeke kwa hatua kumi. Kwenye cheti iliandikwa siri inayolindwa ni ipi, ili majirani wajue ni jambo gani hawatakiwi kulijua.

Mambo yangeishia hapo, kama si Ofisi ya Takwimu. Vijana wake wasomi waliyachukua matangazo yote ya Uza Tukione, wakayajumlisha, wakayagawanya, wakatokwa na jasho. Katika kila wauzaji kumi, tisa walikuwa wanahama! Kwa mwendo ule, ripoti ilisema, mvua za vuli zingeikuta nchi imebaki na mawaziri, wafungwa na watu wasio na simu. Mkuu wa Nchi alipoisoma ripoti alishindwa kumaliza supu. "Tumewakosea nini?" aliuliza, na machozi yakamlengalenga. Mshauri mmoja mzee alijaribu kumweleza kwamba watu wale hawahami, wanasema tu. Mshauri yule alipewa ubalozi katika nchi isiyofikika.

Ikatangazwa Operesheni Hama au Sema. Kila aliyeandika kwamba anahama alitakiwa aihame nchi kweli, kwa tarehe, na mtumishi wa serikali ashuhudie. Asiyehama atoke hadharani aseme sababu yake ya kweli ya kuuza, nayo iandikishwe na kubandikwa. Anseli aliisikiliza amri hiyo redioni akiwa amekaa kwenye kochi, na mkono wake uliacha kukoroga chai.

* * *

Jumatatu, kabla jua halijawa kali, mlango uligongwa. Alikuwa kijana nadhifu, koti limembana, mkononi ana futi ya fundi na kitabu cha fomu kinene kama msahafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Naitwa Pendaeli, Afisa Matumizi Daraja la Pili. Nimekuja kukiona kidogo."

"Kitanda kidogo sina, mwanangu. Nilichonacho ni kikubwa."

"Hapana, mzee. Umeandika kimetumika kidogo. Nimekuja kukiona hicho kidogo."

Wakaingia chumbani. Pendaeli alikizunguka kitanda mara mbili, akakigonga mbao, akakitikisa kusikia kama kinalia. Kikalia. Akaandika.

"Kimekaa muda gani?"

"Miaka thelathini na... miwili sasa."

"Mzee wangu, hicho ndicho kidogo?" Alisema kwa upole, kama daktari. "Serikali ina madaraja. Kidogo, Wastani, Sana. Lipo na la nne, lakini hilo tunaliandika kwa penseli. Watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja kwa miaka yote hiyo." Akafikiri. "Basi nitakusaidia. Nitaandika Wastani."

Anseli alijisikia vibaya, ingawa hakujua hasa kwa nini. Alitamani kusema jambo la kumtetea Asteria, au kujitetea yeye, au kukitetea kitanda chenyewe, lakini lipi lingesemeka mbele ya kijana wa umri wa binti yake? Akanyamaza. Kunyamaza alikuweza.

Pendaeli sasa alikuwa amefunua shuka, anapima godoro. Godoro la zamani halina siri. Lilikuwa na mabonde mawili, la ukutani na la mlangoni, na katikati kilima.

"Bonde la ukutani limelaliwa karibuni," aliandika huku anajisomea. "Bonde la mlangoni lina vumbi." Akainua kichwa. "Mtumiaji wa pili yuko wapi?"

"Amekwenda kumuuguza shangazi yake."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mvua ipi, mzee?"

Anseli akajitia kutafuta miwani.

"Basi tuyaache, fomu yake ni nyingine. Ila na yeye lazima akubali kuuza. Kitanda ni chombo cha watu wawili kisheria, na mmoja akikiuza peke yake inahesabika kama wizi wa nusu. Mpigie simu, Alhamisi uniletee jibu lake. Tuendelee. Bei maelewano. Maelewano kati ya nani na nani?"

"Mimi na mnunuzi."

"Unaona? Mnaelewana wawili, serikali haijui mmeelewana nini. Hiyo ni njama, mzee, ila nitakuandikia onyo tu." Akafungua ukurasa mwingine. "La mwisho ndilo kubwa. Mwenyewe anahama. Mwenyewe ni nani?"

"Mwenyewe ni... mwenyewe."

"Wewe?"

Anseli akawatazama wale bata.

"Kama mwenyewe ni wewe, hama. Kama mwenyewe ni mtu mwingine, utuambie ni nani, alihama lini na kwa sababu gani. Huwezi kuandika mwenyewe halafu asiwepo mwenyewe."

Kijana alikuwa anafanya kazi yake, wala hakuona kilichotokea usoni mwa mzee. Anseli alikuwa ameandika maneno yale kama watu wote wanavyoandika, uongo wa adabu. Sasa aliposomewa na mtu mwingine, chumbani mwake, aliyasikia upya. Kumbe hakudanganya. Mwenye kile kitanda alikuwa Asteria. Yeye ndiye aliyechagua mninga, yeye ndiye aliyewatetea wale bata, na yeye ndiye aliyehama.

"Alhamisi, mzee, saa tatu, Dirisha la Siri," alisema Pendaeli, akikata karatasi ya wito. "Njoo mapema, foleni inakuwa ndefu."

* * *

Ilimchukua siku nzima kupata moyo wa kupiga simu. Iliita mara mbili tu.

"Anseli," alisema Asteria. Hakushtuka wala hakununa.

Akamweleza: kitanda, kodi, mabonde, ridhaa. Alieleza kwa kirefu, pengine hakuwahi kumweleza mkewe jambo kwa urefu ule. Upande wa pili ungo ulikuwa unasikika, mtu anapepeta mchele.

"Kiuze," Asteria alisema. "Mimi sina neno. Mwambie huyo afisa nimekubali."

"Asteria."

"Ndiyo."

"Watu wanaulizia."

"Uliwaambiaje?"

"Kwamba unamuuguza shangazi."

Ungo ukanyamaza, kisha Asteria akacheka, kicheko cha zamani ambacho Anseli alikuwa amesahau kwamba kipo. "Shangazi huyu hapa anapepeta. Jana ameugombeza mnazi wa watu, karibu uanguke."

"Anaweza kupona sasa?" Anseli aliuliza. "Nauliza tu."

Kicheko kikaisha. "Sikuondoka kwa hasira, Anseli. Ningekuwa na hasira ningesharudi. Nilichoka. Kila nikikuuliza neno, unaniambia baadaye. Tule? Baadaye. Twende kwa Getruda? Baadaye. Una nini? Baadaye. Miaka thelathini na mmoja nimekaa naisubiri hiyo baadaye, hata siku moja haijabisha hodi."

Alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu, lilikuwepo kifuani, zito, limekaa. Lakini mpaka alipolifikisha mdomoni Asteria alikuwa ameshasema, "Haya, usiku mwema," na ilikuwa saa kumi jioni.

* * *

Alhamisi foleni ya Dirisha la Siri ilizunguka jumba la ghorofa tisa na kurudi. Mtaa wa Mizani ulikuwa hapo karibu wote, kwa sababu karibu wote walikuwa wanahama. Bi Sikitu alikuwa ameuza kabati. Kinyozi Ngwembe alikuwa ameuza kioo cha pili. Walisalimiana na Anseli kama kawaida. Bi Sikitu akamuuliza shangazi, akajibu afadhali ya jana.

Juu ya dirisha kulikuwa na kipaza sauti kikubwa. Kilifungwa kwa ajili ya uwazi. Mwananchi alisema siri yake kwa afisa, na kipaza sauti kikaipeleka hadi stendi.

"NAUZA BAISKELI," kilitangaza, "KWA SABABU MGUU UMEKATWA, NA MAMA MKWE HAJAAMBIWA."

Foleni nzima ikaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha watu mia, cha ghafla, kila mtu kifua kimembana kwa wakati mmoja, hadi yule wa baiskeli alipokwisha kuondoka.

"NAUZA VIKOMBE, DAZENI MBILI, KWA SABABU HAKUNA TENA ANAYEKUJA KWANGU."

Wakakohoa tena, mama wa watu akapita kichwa chini. Askari aliyesimamia foleni akatoa karatasi mfukoni na kuwasomea kwamba kukohoa wakati wa siri ni kosa. Basi kinyozi Ngwembe akaanza kupiga chafya, kwa kuwa chafya haikutajwa.

Kwenye dirisha alikaa Pendaeli mwenyewe, maana watumishi wengine wote walikuwa ghorofani wanauliza kama bado kipo. Zamu ya Anseli ikafika. Mkewe amekubali kuuza? Amekubali. Vizuri.

"Sasa, mzee. Mwenyewe anahama. Hama au sema."

Anseli alishika ukingo wa dirisha. Alikiona kile cheti kwa macho ya moyo, mlangoni kwake, herufi kubwa. Watu wangepita na vitumbua mkononi wanasoma kwamba Anseli Lugendo ameachwa. Si kuachwa kulikomtisha, huko alikwishakuzoea. Kilichomtisha ni miezi kumi na minne ya kusema uongo mbele ya watu waliomuuliza kwa nia njema. Angewatazamaje? Akafungua mdomo. Ungesema anafungua mlango wa stoo.

"Bwana afisa!" Ilikuwa sauti ya Bi Sikitu, ametoka kwenye mstari, kitenge amekikaza kiunoni. "Huyo baba unamsumbua bure. Mkewe amekwenda kumuuguza shangazi. Mtaa mzima tunajua."

Pendaeli akafungua daftari lingine. Serikali ilikuwa na kila mtu humo. Akapitisha kidole. "Shangazi wa Magoti. Afya njema. Alipimwa mwezi uliopita, akamshinda nguvu muuguzi." Akafunga daftari. "Kwa hiyo ama mzee huyu ameudanganya umma kwa miezi kumi na minne, na hilo ni kifungo, ama..."

"Hakutudanganya," Bi Sikitu alisema.

"Mama, ama mlidanganywa au..."

"Nimesema hakutudanganya! Tulijua."

Kipaza sauti kililipeleka neno hilo hadi stendi. Anseli akageuka. Bi Sikitu hakumtazama, alizungumza na afisa, lakini maneno alimpelekea yeye.

"Huyo shangazi mwenyewe alikuja mtaani kwetu mwezi wa nne. Mzima, ananguruma, amekuja kununua masufuria. Akauliza nyumba ya Baba Getruda ni ipi, aje kumsalimia mkwewe. Tukamkalisha kwa Ngwembe, tukampa soda mbili na vitumbua, tukamwambia hayupo kasafiri. Tukampitisha uani, tukampakia basi la saa sita. Hofu yetu huyu baba asije kukutana naye barabarani, akaona haya."

"Soda ya pili niliitoa mimi," alisema Ngwembe.

"Sasa kwa nini mlikuwa mnaniuliza kila siku?" Anseli alisema. Hakujua kwamba amesema kwa sauti.

Bi Sikitu akamgeukia. "Tukuulize nini kingine, Baba Getruda? Wewe si mtu wa maneno. Ungetoka asubuhi, urudi jioni, na hakuna aliyekusemesha. Shangazi ndiye tuliyekuwa naye."

Anseli alisimama pale na wito wake mkononi. Kwa miezi kumi na minne alidhani anawaficha, kumbe ni wao waliokuwa wanamsitiri.

Pendaeli alikuwa anaandika kwa kasi, uso umemng'aa. Kwa kijana wa Daraja la Pili, bahati kama hii huja mara moja. "Nani mwingine alijua? Mtaa mzima? Vizuri sana. Mna leseni?"

"Leseni ya nini?" Ngwembe aliuliza.

"Ya kutunza siri. Faragha ya wananchi inalindwa na Wizara peke yake. Mtu binafsi akitunza siri ya mwenzake bila leseni, tena kwa miezi kumi na minne, tena bila kulipia kodi, adhabu ni kunyang'anywa zana za kazi." Alinyoosha kidole. "Mama, chuma cha vitumbua. Wewe, mashine ya kunyolea. Wengine mtaandika majina hapa."

Kwenye foleni hata chafya zilikwisha. Bi Sikitu alikuwa mjane, na chuma kile kilikuwa kimemsomeshea watoto watatu. Alikaza tena kitenge.

"Ngoja," alisema Anseli.

"Zamu yako imekwisha, mzee. Siri imepatikana, tunachapa cheti."

"Siri gani?" Anseli alisogeza mdomo karibu na kidude cha kupokea sauti pale dirishani. Safari hii hakusema baadaye. "Mimi niliandika mwenyewe anahama. Umeniuliza mwenyewe ni nani. Mwenyewe ni mimi. Nahama. Tangazo langu ni la kweli tangu siku ya kwanza, na palipo na ukweli hadharani hapana siri. Kama hapana siri, hawa wametunza nini?"

Pendaeli akafungua sheria. Akaisoma, akairudia. Iliandikwa vibaya, kama sheria zote za nchi hiyo, lakini mahali hapo iliandikwa wazi.

"Mke?"

"Ametangulia kuhama. Mimi namfuata kuhama. Kila mtu upande wake."

"Mzee, ukisema hivyo inabidi uhame kweli. Siku tatu. Nje ya mpaka. Ninakuja kushuhudia."

"Njoo."

"Baba Getruda," alisema Bi Sikitu kwa sauti ya chini, "chuma ni chuma tu. Nitanunua kingine."

"Utakinunua wapi, dada Sikitu? Utauziwa kilichotumika."

Pendaeli aliuliza anahamia wapi, kwa kuwa pana kisanduku. Anseli akafikiri. Ng'ambo ya mto wa mpakani hakuwa na ndugu. Alimjua mtu mmoja tu huko, aliyewahi kumuuzia pampu ya baiskeli, miaka mingi iliyopita, na pampu yenyewe haikufanya kazi. Akalitaja jina lake.

* * *

Kitanda kilinunuliwa na Ngwembe. Hakuwa na mahali pa kukiweka, kibanda chake kilikuwa hatua tatu kwa nne, lakini alisema wateja wamechoka kusubiri wamesimama. Maelewano ya bei yalifanyika mbele ya afisa, wote watatu wameshikana mikono kama sheria inavyotaka, na serikali ikaelewana kupata chake.

Jumapili mchana kirikuu, kigari cha kubebea mizigo, kilipaki mbele ya nyumba. Mizigo ilikuwa michache: kochi, sanduku, ramani za kuchora kwa mkono, masufuria mawili. Mtaa wote ulitoka kubeba, hata wasio na cha kubeba walishika kamba. Hakuna aliyesema pole na hakuna aliyesema asante, kwa maana Pendaeli alikuwa amesimama kando ya gurudumu na kitabu chake, na kila neno lilikuwa na kisanduku. Bi Sikitu alileta vitumbua kwenye kifuko, akaviweka kwenye kiti cha mbele na kusema tu kwamba vimebaki. Havikuwa vimebaki, bado vilikuwa vya moto.

Anseli alifunga mlango, akampa mwenye nyumba ufunguo. Akageuka awaage. Alikuwa ametayarisha maneno kwa siku tatu, mtu ambaye maisha yake yote hakutayarisha neno. Akasema, "Jirani zangu," na hapo yakamshinda. Machozi yakamtoka, mengi, ya mtu mzima, bega likimruka, katikati ya barabara, jua la saa nane.

Mara moja mtaa mzima ukapata shughuli. Ngwembe akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Bi Sikitu akatazama juu na kusema kwamba mwaka huu mvua itawahi. Mmoja akaanza kuhesabu matofali ya ukuta, mwingine akamwita paka asiyekuwepo. Hata dereva wa kirikuu, ambaye hakuwa wa mtaa ule, alizama chini ya gari kutafuta hitilafu. Wakakaa hivyo, wote wamempa kisogo, hadi alipomaliza.

Pendaeli peke yake ndiye aliyebaki anamtazama usoni, kalamu mkononi, na alipoona amemaliza alimwomba kwa heshima, shikamoo mzee, amtajie amelia kwa sababu gani.